Pasi ya Treni Ulaya: Niliyojifunza Nikizunguka na Mama Mdogo

Nilipompigia mama mdogo simu Tanga na kumwambia kwamba akija Ujerumani nitamnunulia pasi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Pasi ya nini tena mwanangu? Huko mnakolala hawana hata ya kuazima?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ikabidi nimweleze kwamba si ya kunyooshea nguo, ni ya treni. Unailipia mara moja, halafu unapanda treni nchi hii na nchi ile kwa idadi ya siku ulizonunua.

Hayo ndiyo maelezo ambayo karibu kila mtu hupewa, na ndiyo yanayowaponza wengi, kwa sababu yanaishia njiani. Pasi inakulipia nauli tu, siti ni habari nyingine. Kuna nchi ambako tofauti hiyo hutaiona kabisa, na kuna nchi ambako itakula pesa na siku zako mpaka ujute. Safari yetu ya Mei niliipanga kwa kufuata jambo hilo moja, na popote tulipoumia, tuliumia kwa sababu nililisahau.

Kwanza, kuna pasi mbili. Eurail, iliyoanza 1959, ni ya wanaoishi nje ya Ulaya. Interrail, iliyoanza 1972, ni ya wanaoishi Ulaya. Kinachoangaliwa ni makazi yako, si pasipoti uliyonayo. Mimi nina pasipoti ya Tanzania lakini naishi Leipzig, kwa hiyo yangu ni Interrail. Mama mdogo anatoka Tanga, yake ni Eurail. Zote mbili, ukichukua ile ya nchi zote, zinafika nchi 33, na bei siku hizi zinalingana. Tofauti iliyonigusa mimi ni hii: mwenye Interrail haruhusiwi kuzunguka ovyo ndani ya nchi anayoishi. Anapewa siku moja ya kutoka na siku moja ya kurudi, basi. Mwenye Eurail hana kizuizi hicho. Kwa hiyo mgeni wangu alikuwa huru Ujerumani kuliko mimi ninayelipa kodi hapa. Kama wewe ni mwanafunzi au mfanyakazi Ulaya na unapokea mgeni kutoka nyumbani, liweke hili akilini kabla hamjapanga safari ya pamoja.

Bei. Tulichukua ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi 1, daraja la pili. Yangu ilinigharimu euro 380 na ushee. Mama mdogo ana miaka 62, na kuanzia miaka 60 kuna punguzo la asilimia 10. Vijana mpaka miaka 27 wanapunguziwa zaidi, na watoto wa miaka 4 hadi 11 wanasafiri bure wakiwa na mtu mzima, ila na wao lazima watolewe pasi yao. Sasa chukua kalamu: 380 gawa kwa 7 ni kama euro 54 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ya kutembea nayo kichwani. Siku ambayo nauli ya kawaida ni euro 20, usiichome siku ya pasi, kata tiketi tu. Siku unayovuka nchi mbili kwa saa tisa, hapo ndipo pasi inapofanya kazi yake. Nimekutana na watu wanaowasha siku nzima ya pasi kwa safari ya dakika arobaini, kisha wanasema pasi ni wizi.

Na kama mpango wako ni Ujerumani peke yake, achana na pasi. Kuna tiketi ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kupanda hadi 58 mwaka 2025. Inakupandisha treni zote za mikoa, mabasi na treni za mjini nchi nzima. Haiingii kwenye treni za mwendokasi, na inauzwa kwa mkataba wa kila mwezi, kwa hiyo kumbuka kuukatisha mapema.

Viza nitaipitia haraka kwa sababu kila mtu ana hadithi yake. Ada ya viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, ni euro 90 tangu Juni 2024, bima lazima ifikie euro 30,000, na maombi unapeleka ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Viza hiyo moja inakuzungusha nchi zote za Schengen, Uswisi ikiwemo. Uingereza haimo. Pasi itakukubalia kwenda London, lakini mlangoni watataka viza yao wenyewe. Watu hununua pasi ya nchi 33 wakadhani wamenunua na ruhusa ya kuziingia zote 33.

Njia yetu ilikuwa hivi: Leipzig hadi Chur, Uswisi, kwa siku moja. Chur hadi Tirano, mji wa Italia uliopo mpakani kabisa. Tirano hadi Milano hadi Roma. Roma hadi Vienna kwa treni ya usiku. Vienna hadi Prague, na Prague hadi nyumbani Leipzig. Siku sita za pasi.

Kwa nini njia hiyo na si Paris, ambako mama mdogo alikuwa anapaota? Kwa sababu ya siti. Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Denmark, treni nyingi sana unaingia na pasi yako, unatafuta siti iliyo wazi, unakaa. Ufaransa na Hispania, treni za mwendokasi lazima ulipie siti kabla, juu ya pasi, na Ufaransa siti wanazotenga kwa wenye pasi huwa chache. Zikiisha, treni inaweza kuondoka na siti tupu huku wewe na pasi yako mmebaki jukwaani. Eurostar ya kwenda London nayo ni hivyo hivyo, na malipo yake ya siti ni makubwa zaidi. Italia iko katikati. Treni za mwendokasi unalipia siti, kwetu ilikuwa euro kumi na kitu kila mmoja kutoka Milano hadi Roma, lakini zile treni za mikoa, wanazoziita Regionale, unapanda tu. Kwa hiyo safari nzima tulilipia siti mara mbili: hiyo ya Roma na ile ya usiku. Paris nimemwahidi mwakani, na siti zake nitazikata mapema kabla hata ya hoteli.

Siku ya kwanza treni yetu ilichelewa, tukafika Frankfurt treni ya Basel imeshaondoka. Mama mdogo akaanza kushika kichwa: "Sasa tumepoteza nauli." Hapana. Hapo ndipo nilipomwonyesha uzuri wa pasi: nilifungua programu ya Rail Planner kwenye simu, ambamo ndimo pasi zenyewe zinakaa, nikafuta safari ile, nikaongeza ya treni inayofuata, tukaenda kununua chai. Hakuna kupanga foleni wala kuomba msamaha kwa mtu. Ila ukumbuke, siti uliyoilipia imefungwa kwenye treni ile ile. Ndiyo maana Milano niliacha nafasi ya saa moja na nusu kati ya treni ya kutoka Tirano na ile ya Roma. Stesheni ya Milano Centrale ni kubwa, majukwaa yako ghorofani, na kuna mageti ambapo lazima uonyeshe tiketi. Mtu mwenye sanduku la kilo ishirini na tatu hawezi kukimbia pale.

Tuje kwenye siku ya pili, ambayo ndiyo iliyolipa safari yote.

Kutoka Chur hadi Tirano kuna treni ya watalii yenye vioo mpaka juu, Bernina Express. Ni nzuri, na ina malipo ya ziada. Lakini kwenye reli hiyo hiyo zinapita treni nyekundu za kawaida, za wanafunzi na wamama wanaotoka sokoni, na hizo mwenye pasi halipi hata senti. Tena baadhi ya mabehewa yake madirisha yanafunguka, wakati ya watalii hayafunguki. Reli hii iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na ukiipanda hutauliza kwa nini. Unapita juu ya daraja la Landwasser, mita 65 kutoka bondeni, daraja lenyewe limepinda, na mwisho wake treni inaingia moja kwa moja kwenye tundu la mlima. Halafu unapanda, na kupanda, mpaka kituo cha Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya bahari.

Mama mdogo alikuwa amejifunga khanga juu ya koti la baridi nililomwazimia. Kwa saa mbili za kwanza alikuwa anaongea, ananisimulia treni ya Tanga ya utotoni mwake, ilivyosimama Muheza na watu wakanunua machungwa dirishani. "Treni gani hii haiuzwi hata karanga?" Tulipofika kule juu, ziwa likiwa bado limefunikwa na barafu, akanyamaza. Tukashuka kituo cha Alp Grüm. Treni kwenye reli hii zinapita kila saa, na kwa kuwa pasi haikufungi na treni moja, unaweza kushuka popote panapokupendeza na kusubiri inayofuata. Alivua glavu, akainama, akachota theluji kiganjani, akaiangalia ikiyeyuka na kumtiririkia kwenye mkono wa koti. "Inachoma kama barafu ya samaki pale Deep Sea," akasema, yaani soko la samaki la kwao Tanga, halafu akaifuta kwenye khanga. Akanitaka nimpige picha, lakini si ya theluji, ya mkono wake ulivyokuwa mwekundu.

Kutoka hapo unateremka kama maji. Pale Brusio reli inajizungusha duara kamili juu ya daraja la mawe ili ipunguze mteremko, ukichungulia dirishani unayaona mabehewa ya nyuma yenu wenyewe yakipinda kwenye duara. Ukiingia Tirano treni inakatiza barabarani katikati ya magari, karibu kabisa na kanisa. Mama mdogo aliona gari dogo limesimama kuisubiri, akasema hii sasa ni bajaji.

Treni ya usiku ya Roma–Vienna ina hesabu yake, na watu wengi wanaikosea. Ukipanda kabla ya saa sita usiku, na usibadilishe treni baada ya hapo, unatumia siku moja tu ya pasi, siku ya kuondoka. Unaamka Vienna asubuhi, na umeokoa pesa za hoteli. Lakini kitanda unakilipia pembeni, na nafasi za wenye pasi zinaisha haraka. Mimi nilikata wiki sita kabla. Tulipata chumba cha vitanda sita. Nilikosea kuchagua vitanda vya juu, maana ndivyo vilivyobaki vikiwa pamoja. Ngazi yake ni nyembamba na imesimama wima. Mama mdogo alipanda mara moja, akagoma kushuka mpaka asubuhi, hata chooni. Mtu mzima mtafutie kitanda cha chini, hata kama mtatengana vyumba.

Mambo madogo madogo sasa, yasiyo na mpangilio.

Majina kwenye mbao za stesheni ni ya lugha ya pale. Vienna utaiona Wien, Prague ni Praha, Florence ni Firenze. Ila kali kuliko zote: ukiwa Italia ukaona treni ya kwenda "Monaco", hiyo si Monaco ya matajiri, ni München. Waitaliano ndivyo wanavyoiita.

Pasi ya simu maana yake simu ikizima huna tiketi. Beba pawabenki. Kabla hujapanda, ongeza safari kwenye programu na hakikisha siku imewashwa, mkaguzi akija umwonyeshe msimbo. Usingoje umwone ndiyo uanze kubofya, maana kwenye mahandaki intaneti hakuna. Na pasi haifiki kwenye metro wala tramu za mjini, hizo unakata tiketi zake.

Chakula tulibeba. Mama mdogo halii nguruwe, na mikate ya stesheni mingi ina vipande vyake. Mwambie mgeni wako ajifunze maneno mawili tu: kwa Kijerumani Schwein, kwa Kiitaliano maiale. Tena Italia ajihadhari na prosciutto na speck, maana hayo hayatajwi kwamba ni nguruwe, wao wanaona kila mtu anajua. Vyoo vya ndani ya treni ni bure. Vya stesheni kubwa ni vya kulipia, euro moja hivi, kwa hiyo jisaidie kabla ya kushuka.

Kuna mabehewa ya kimya. Alama yake ni ya mtu ameweka kidole mdomoni. Tuliingia humo bila kuona, na mama mdogo akapigiwa simu ya WhatsApp na shoga yake wa Tanga, akaweka na spika. Hakuna aliyetugombeza. Behewa zima liligeuza shingo kwa pamoja, polepole, na mimi nikajifanya simjui.

Pasipoti isiingie kwenye sanduku. Ndani ya Schengen watu huzoea kwamba hakuna mpaka, lakini Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Tukitoka Prague tukifuata mto Elbe, raha mustarehe, miamba kushoto na kulia, polisi wakapanda Bad Schandau, kituo cha kwanza treni yetu iliposimama ndani ya Ujerumani. Pasipoti ya mama mdogo ilikuwa kwenye sanduku, sanduku liko juu, na juu ya sanduku kuna sanduku la mtu mwingine. Polisi yule, kijana mdogo, alisaidia kulishusha. Tukafungua mbele ya watu wote, akasubiri tukipekua vitenge, kopo la achari na dawa za presha mpaka ilipopatikana. Na wewe mwenye kibali cha kuishi, kadi peke yake haitoshi, tembea na pasipoti pia.

Siku ya saba. Yangu iliungua bure, kwa kuwa siku zangu za kutoka na kurudi Ujerumani zilikuwa zimekwisha na muda wa kwenda nchi nyingine sikuwa nao. Kuna pasi ya siku 5 na ya siku 7, ya siku 6 hakuna. Ya mama mdogo ilikuwa hai, naye alitaka kumsalimia rafiki yake wa siku nyingi anayeishi Köln. Nikamsindikiza kwa tiketi ya bei poa niliyokata mtandaoni, ile inayokufunga na treni moja.

Tulibadilisha treni Hannover. Treni ilikuja ndefu sana, tukaingia mlango wa karibu, tukapata siti nzuri mbili, nikasinzia. Sikujua kwamba treni za kutoka Berlin za njia hiyo ni treni mbili zilizounganishwa, na kwamba zikifika Hamm zinakatwa: nusu inaelekea Köln kupitia Wuppertal, nusu inaelekea Düsseldorf kupitia Dortmund. Walitangaza. Kwenye ubao wa jukwaani pia wanaonyesha behewa gani linakwenda wapi na litasimama kwenye herufi gani, A, B, C, mpaka mwisho. Mimi, mkazi wa nchi hii kwa miaka, ndiye niliyekuwa nimelala. Nilizinduka mama mdogo ananigusa bega: "Mwanangu, hapa wameandika Dortmund. Na sisi tunapita Dortmund?"

Tukafika Düsseldorf. Köln si mbali, ni kama nusu saa kwa treni. Tiketi yangu ya bei poa haikuwa na kazi tena kwenye njia ile, kwa hiyo nikaenda kwenye mashine kukata nyingine. Mama mdogo alikaa kwenye benchi, akavaa miwani, akafungua programu, akaongeza safari mwenyewe bila kuniuliza. Kisha akanitazama nikihangaika na sarafu, akauliza kama nahitaji kukopeshwa.